Vikaragosi Nao Hukosea

Ndugu msikilizaji, mtoto wa miaka minne ni mkaguzi asiyelipwa mshahara. Msimulie leo kwamba Sungura alimwacha Fisi kisimani, kisha kesho upitiwe useme aliyeachwa kisimani ni Chui, utamsikia akikukatiza: "Sivyo! Jana ulisema Fisi." Bibi zetu walilijua jambo hilo, ndiyo maana hadithi zao hazikubadilika hovyo. Mkubwa akikosea mbele ya mtoto ana njia tatu: kujifanya hakuna kilichotokea, kubuni sababu ya haraka haraka, au kusema kweli. Leo nataka tuwatazame watu waliolazimika kuchagua miongoni mwa njia hizo tatu mbele ya mamilioni ya watoto. Watu hao ni watayarishaji wa kipindi cha vikaragosi cha Marekani kiitwacho Sesame Street.

Kipindi hicho kilirushwa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Novemba, 1969. Waanzilishi wake ni mtayarishaji wa televisheni, Bibi Joan Ganz Cooney, na mwanasaikolojia Lloyd Morrisett, ambao mwaka 1968 waliunda shirika la kutengeneza vipindi vya watoto. Shabaha yao ilikuwa watoto ambao hawajaanza shule, hasa wa familia maskini, waliokuwa wakifika darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao kwa herufi na hesabu. Wakamchukua Jim Henson, fundi wa vikaragosi. Wakajenga studioni mtaa kama wa New York, wenye ngazi mbele ya nyumba, duka na pipa la taka, wakawachanganya humo watu wa rangi mbalimbali na viumbe vya manyoya. Msimu wa kwanza peke yake ulikuwa na vipindi 130 vya saa nzima. Mtu anayetengeneza saa 130 za televisheni kwa msimu mmoja hana budi kukosea, nao walikosea.

Tuanze na makosa ya mikono, maana hayo ndiyo yanayochekesha. Kikaragosi cha Henson huchezwa hivi: mchezeshaji hutia mkono wa kuume ndani ya kichwa, kidole gumba kikawa taya ya chini na vidole vingine taya ya juu. Mkono wa kushoto hushika kijiti chembamba kinachosogeza mkono wa kikaragosi. Ndiyo maana ukiwatazama vizuri utaona wengi wao ni mashoto. Wale wenye viganja vya kushika vitu, kama Ernie au lile zimwi la buluu lenye uchu wa biskuti, Cookie Monster, huhitaji watu wawili: mmoja kwa kichwa na mkono wa kushoto, mwingine kwa mkono wa kulia. Watu hao hujificha chini ya ukuta au meza, mara nyingi wameketi juu ya vigoda vya magurudumu, mikono juu, macho kwenye televisheni ndogo inayowaonyesha kile ambacho kamera inaona. Na picha ile haiwi kama ya kioo cha kujitazamia, kwa hiyo kulia na kushoto huwachanganya hadi wazoee.

Sasa fikiria kazi hiyo saa baada ya saa. Mara utosi wa mtu unachomoza chini ya picha, mara kikaragosi anamtazama mtu ambaye hayupo upande ule, mara mikono miwili ya kiumbe kimoja haielewani. Kikombe kilichojaa katika picha hii kinakuwa nusu katika picha ifuatayo, kwa sababu kati ya hizo mbili kamera ilisimamishwa.

Mzigo mzito kuliko yote ulikuwa wa Caroll Spinney, aliyemchezesha Big Bird, yule ndege wa manjano mwenye kimo cha karibu mita mbili na nusu, tangu mwaka 1969. Spinney alikuwa amezama ndani ya manyoya, mkono wa kuume umeinuliwa juu ya kichwa chake ili kushika kichwa cha ndege, wala haoni nje. Kifuani amefungiwa televisheni ndogo, na kurasa za maneno yake zimebandikwa humo humo ndani. Bawa la kushoto ni mkono wake mwenyewe. La kulia limejazwa tu, likafungwa kwa uzi mwembamba unaopita chini ya shingo hadi mkono wa kushoto, hata la kushoto likishuka, la kulia linapanda. Spinney huyo huyo ndiye aliyekuwa Oscar, yule mkorofi wa kwenye pipa la taka. Ndege na mkorofi walipokutana, mtu mwingine alilazimika kusaidia kumchezesha mmoja wao. Msikilizaji, mtu akifanya kazi kwa namna hiyo, kosa la ajabu ni lile ambalo halikutokea.

Chanzo cha pili cha makosa kilikuwa kanda. Mambo ya mtaani yalirekodiwa kwa mfululizo, lakini vichekesho vifupi vya Bert na Ernie, Kermit na wenzao vilirekodiwa pembeni, vikawekwa akiba, na kuchomekwa tena na tena kwa miaka mingi. Sisi wa redio tunaijua sana kazi hiyo, maana kanda ya mwaka juzi huchezwa leo na msikilizaji akadhani mtangazaji yuko studioni. Kwenye redio huwa salama. Kwenye televisheni mtoto anamwona rafiki yake akiwa na sura mbili. Grover, ambaye watoto wanamjua kwa rangi ya buluu, katika msimu wa kwanza alikuwa na manyoya ya kijani kilichoelekea kahawia. Big Bird wa msimu wa kwanza alikuwa na manyoya machache kichwani na akili ya mtu mzima mshamba, kabla hajawa mtoto wa miaka sita. Na Oscar, msimu mzima wa kwanza, alikuwa na rangi ya chungwa.

Msimu wa pili, mwaka 1970, Oscar akatokeza kwenye pipa lake akiwa kijani kibichi. Hapa watayarishaji wakatumia njia ya pili, ile ya kubuni sababu. Oscar akaeleza kwamba alikwenda likizo mahali pa kinamasi na matope, na unyevu wa huko ukamgeuza kijani kwa usiku mmoja. Mtoto akacheka, akaridhika. Kwa nini aliridhika? Kwa sababu mtu anayependa takataka kwenda kustarehe matopeni ni jambo linaloendana na tabia yake. Sababu ilikuwa ya uongo, lakini uongo wa hadithi, na haukumdhuru mtu yeyote.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa limekwisha fanyika kabla hata ya kipindi cha kwanza kurushwa. Wanasaikolojia waliwashauri watayarishaji wasiwachanganye watu wa kweli na vikaragosi, ati mtoto atashindwa kutenganisha kilicho kweli na kilicho cha kubuni. Ushauri ukafuatwa. Mnamo Julai 1969 vikatengenezwa vipindi vitano vya majaribio, vikaonyeshwa kwa watoto huko Philadelphia. Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa na mbinu rahisi: pembeni mwa televisheni aliweka mashine ya kuonyesha picha nyingine zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, kisha akahesabu ni lini macho ya mtoto yanaacha televisheni na kuhamia kule. Matokeo yalikuwa bayana. Vikaragosi wakionekana, watoto wanatazama. Watu wakiwa peke yao mtaani, macho yanahama.

Wakubwa wale wangeweza kusema kwamba watoto hawakuelewa. Badala yake waliamua kwamba wataalamu ndio walioteleza, na mtaa ukatengenezwa upya. Big Bird na Oscar walizaliwa kutokana na uamuzi huo, ili mtaani pawe na viumbe vya kuishi pamoja na watu. Kumbe wale wawili ambao dunia nzima inawatambua ni masahihisho ya kosa! Na aliyesahihisha ni mtoto wa miaka minne, kwa kugeuza shingo tu.

Tangu hapo watayarishaji walikuwa tayari kumwachia mtoto nafasi. Watoto walioketi na vikaragosi mbele ya kamera hawakupewa maneno ya kukariri. Mfano unaokumbukwa sana ni wa miaka ya 1970. Msichana mdogo ameketi na Kermit, yule chura, waimbe alfabeti. Anaanza vizuri, kisha mahali pa herufi anachomeka jina la Cookie Monster na kuangua kicheko. Kermit anamrekebisha, wanaanza tena, naye anarudia mchezo ule ule. Kwa kanuni za studio, hiyo ni kanda ya kutupwa. Kermit anakasirika, anaondoka zake. Msichana anamwambia kwamba anampenda, na chura anarudi kumwambia kwamba naye anampenda. Henson alikuwa chini pale, mkono juu, anaonekana kabisa na mtoto yule, lakini mtoto hakushughulika naye, macho yake yalikuwa kwa chura. Kanda haikutupwa. Ilirushwa hewani na kosa lake, ikawa miongoni mwa zinazopendwa sana hadi leo.

Lakini si kila kosa huchekesha. Katika mtaa ule alikuwapo mwalimu aitwaye Gordon. Katika majaribio alichezwa na mtu mmoja, kipindi kilipoanza 1969 akachezwa na Matt Robinson, mwaka 1972 akawa Hal Miller, na mwaka 1974 akawa Roscoe Orman. Sura inabadilika, jina ni lile lile, mke ni yule yule, na hakuna jirani anayeshangaa. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, ya kujifanya hakuna kilichotokea. Mkaguzi wetu wa miaka minne aliona, bila shaka, lakini hakupewa jibu.

Kisha Desemba 1982 akafariki dunia mwigizaji Will Lee. Yeye alikuwa Bwana Hooper, mzee mwenye duka, tangu kipindi kilipoanza. Kati yake na Big Bird kulikuwa na utani wa miaka mingi: ndege hakuweza kulitamka jina lake sawasawa, kila siku analigeuza, na mzee kila siku anamsahihisha. Watayarishaji walikuwa na milango miwili rahisi. Wangeweza kumweka mtu mwingine dukani, kama walivyofanya kwa Gordon. Au wangeweza kusema kwamba mzee amestaafu na kuhamia mbali. Wakakataa yote mawili. Wakatafuta ushauri wa wataalamu wa watoto, wakaamua kusema kwamba Bwana Hooper amekufa.

Kipindi hicho kilirushwa tarehe 24 Novemba, 1983, Sikukuu ya Shukrani huko Marekani, siku ambayo wazazi wengi wako nyumbani na watoto wao. Big Bird amewachora watu wazima wa mtaani, anagawa picha mmoja mmoja, kisha anauliza yuko wapi Bwana Hooper apewe yake. Wanamkumbusha kwamba alikufa. Anasema basi atampa akirudi. Wanamweleza, kwa upole, kwamba aliyekufa harudi. Ndege anafadhaika: nani atamtengenezea chakula chake, nani atamsimulia hadithi, na kwa nini iwe hivyo? Anayemjibu ni Gordon. Anamwambia kwamba ni hivyo kwa sababu ni hivyo, basi. Waigizaji wale walikuwa wanalia machozi ya kweli, maana aliyekufa alikuwa mwenzao.

Mwishoni Big Bird anaitazama picha, anasema atamkosa yule mzee, na analitamka jina vibaya kama kawaida yake. Mmoja wa watu wazima anamsahihisha, kama ambavyo marehemu angefanya. Kosa la kuchekesha la miaka 14 sasa ndilo lililobeba msiba. Na angalieni, wasikilizaji, kwamba aliyepewa kazi ya kueleza kwa nini mzee huyu hawezi kurudi ni Gordon yule yule ambaye sura yake ilikuwa imebadilishwa bila maelezo. Shirika lile lile, mtaa ule ule. Katika miaka tisa walikuwa wamejifunza kwamba mtoto anadaiwa jibu.

Miaka miwili baadaye walikutana na kosa la namna nyingine, la utani uliozeeka vibaya. Mwaka 1971 Big Bird alipewa rafiki, Bwana Snuffleupagus, mnyama mkubwa wa kahawia mwenye mkonga. Kichekesho kilikuwa kwamba kila watu wazima wakifika, yeye ameshaondoka. Kwa hiyo hawakuamini kwamba yupo, wakamwona Big Bird kuwa anabuni mambo. Utani huo ulidumu miaka 14. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani ilikumbwa na habari za watoto waliotendewa uovu na watu wazima waliokabidhiwa kuwatunza. Watayarishaji wakajiuliza: mtoto anayetazama kila siku ndege anasema kweli na wakubwa hawamsadiki, siku akitendewa ubaya atamwambia nani?

Basi tarehe 18 Novemba, 1985, watu wazima wa mtaani wakamwona Snuffleupagus kwa macho yao. Wakamwahidi Big Bird kwamba tangu siku hiyo atakalowaambia watalisadiki. Utani mzuri, uliokuwa unawafanyia kazi vizuri, waliuzika kwa hiari yao. Hapakuwa na kamera iliyoteleza wala rangi iliyokosewa, ila somo lililokuwa likimwingia mtoto lilikuwa baya.

Wakabaki na fundisho moja zaidi. Mwaka 1992 walitengeneza kipindi kuhusu wazazi wa Snuffleupagus kupeana talaka. Kiliandikwa kwa uangalifu, kikachezwa vizuri. Kabla ya kukirusha wakakionyesha kwa kundi la watoto, kama desturi yao ilivyokuwa tangu Philadelphia. Watoto wakatoka na maana nyingine kabisa: wengine walidhani wazazi wakigombana tu basi wataachana, wengine hawakuelewa baba amekwenda kukaa wapi. Fedha ilikuwa imekwisha tumika. Hata hivyo kanda ikafungiwa kabatini, haikurushwa. Mada ya talaka waliirudia mwaka 2012, kwa namna nyingine na kikaragosi mwingine.

Huenda msikilizaji ukauliza, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Televisheni ilifika Tanzania Bara mwaka 1994, na mtaa ule ukazaa matawi Afrika. Mwaka 2000 Afrika Kusini ilianza Takalani Sesame, na mwaka 2002 ikamwingiza Kami, kikaragosi wa miaka mitano anayeishi na virusi vya Ukimwi. Hiyo nayo ni njia ya tatu: katika nchi ambako watoto walikuwa wanazika wazazi, walichagua kusema. Mwaka 2008 Tanzania ilipata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikifundisha herufi, hesabu na afya, pamoja na kinga ya malaria.

Katika nchi zetu, maoni yangu ni haya. Kipindi cha watoto mara nyingi hupewa saa iliyobaki na mtangazaji aliyebaki. Tukikosea, tunasema watoto hawatagundua. Wanagundua. Kikaragosi akionekana kijiti chake, au mtangazaji akitaja nyimbo mbili kinyume, hakuna hasara. Mtoto atacheka na kusonga mbele. Lakini tukimweleza kwamba babu amesafiri ilhali amezikwa, au tukimfundisha kwa mzaha kwamba mtoto akisema jambo zito wakubwa hucheka, hilo halifutiki kwa kurudia kanda.

Na dawa yake si ghali. Palmer alihitaji mashine ya picha na karatasi ya kuhesabia. Sisi tunahitaji benchi, watoto kumi wa chekechea ya mtaani, na alasiri moja kabla ya kipindi kurushwa. Wasikilizishwe, kisha waulizwe: umesikia nini? Si kile tulichokusudia kusema, bali kile walichosikia. Majibu yao huenda yakatulazimisha kuandika upya kazi ya wiki nzima, na wakati mwingine kuifungia kabatini. Wenzetu walifanya hivyo na kipindi kilichokamilika, wala hawakupungukiwa heshima.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku hizi walezi wako pia ndani ya sanduku lile la sebuleni na kwenye simu ya mama, na wengine ni vitambaa vilivyojazwa pamba. Nao wana wajibu. Hadi juma lijalo, wasikilizaji, kwa herini.